Ndoo ya Nyanya za Wifi

Loisi hakuwahi kununua mbegu ya nyanya maishani mwake, na jambo hilo alilitangaza kwa majivuno kama mtu anayesema hajawahi kulala rumande. Mbegu yake ilitoka shambani kwake. Kila msimu alichagua nyanya zilizoiva mpaka zikalegea, akazikamua kwenye bakuli, akaziacha zichache, akaziosha, akazichanganya na jivu na kuzianika juu ya kipande cha gazeti. Zikikauka alilikunja gazeti lile na kulichomeka ukutani juu ya jiko, mahali ambapo panya angefika akiwa amekwisha kaushwa na moshi.

Ndivyo alivyofanya tangu alipoolewa Ihumwa akitokea kwao Chemba. Nyanya hizo zilimwezekea nyumba bati, zikamsomesha mwanawe Meshack chuo cha ufundi, zikamnunulia mume wake, Stanley, mashine ya kuvuta maji kisimani. Zilikuwa nyanya za ngozi nyembamba, zenye uchachu kidogo, tamu sana kwenye mlenda. Kasoro yao ilikuwa moja tu: hazikupenda safari. Ukizipakia asubuhi, ikifika jioni tenga la chini linadondosha mchuzi. Lakini Loisi alikuwa na mdomo. Alianza biashara kwa kupanga mafungu kando ya barabara, akiwa hana hata mwavuli, na huko alijifunza kumuuzia mtu nyanya laini na mtu akaondoka akishukuru.

"Hii ni ya kupika leo, dada yangu," angesema. "Kwani unataka nyanya ya kupamba kabatini?"

Kwa mdomo huo alipata heshima ambayo hakuna mwingine pale korongoni aliyekuwa nayo. Korongo lenyewe hupitisha maji wakati wa masika tu. Kiangazi linabaki mchanga mtupu, na wakulima wa kingo zake huchimba visima humo humo ndani ya mchanga. Mnunuzi wao mkubwa alikuwa Ritha, mwanamke mnene mwenye lori dogo, Kanta ya bluu, na meza pana soko la Majengo. Ritha alikuwa na desturi moja. Alianza kusimama kwa mkulima mmoja, akapatana naye bei, na bei hiyo ndiyo iliyokuwa ya korongo zima siku hiyo. Hakuna wa pili aliyepatana upya. Na kwa miaka yote, Kanta ilisimama kwanza kwa Loisi. Watu walisema "leo bei ya Loisi ni kiasi gani?" kama wanavyouliza bei ya mafuta ya taa. Neno hilo lilimnenepesha kuliko chakula.

Halafu akarudi Debora.

Debora alikuwa mdogo wake Stanley. Aliolewa Morogoro, ndoa ikamshinda, akarejea nyumbani na godoro, binti mmoja na maneno machache. Baba yao, mzee Batholomeo, alikuwa bado hai wakati huo. Aliwaita watoto wake, akakata kipande cha chini cha shamba, kile kilicho karibu na kisima, akampa binti yake. Sasa, kipande hicho Loisi ndiye aliyekifyeka. Visiki vyake aliving'oa akiwa na mimba ya Meshack. Siku ile ya kugawa alitabasamu mbele ya wazee, akasonga ugali, akapakua, akanawisha watu mikono. Lakini tangu hapo, kila alipokwenda kuchota maji, macho yake yaliruka ua wa minyaa wa mpakani kabla ndoo haijagusa maji.

Miaka miwili Debora alilima nyanya kama watu wote, akavuna kidogo kuliko watu wote, na Loisi akampenda kiasi. Mwaka wa tatu ndipo akaja na pakiti.

Ilikuwa asubuhi, Loisi anachambua mlenda barazani.

"Mbukwa, wifi," alisalimu Debora.

"Mbukwa. Umeshika nini hicho, majani ya chai?"

"Mbegu. Chotara."

Loisi aliipokea ile pakiti, akaitikisa sikioni. "Zimo kweli? Mbona kama wamekuuzia upepo?"

"Zimo elfu moja. Zimehesabiwa."

"Nani kazihesabu?"

"Si kiwandani huko."

"Na bei yake?"

Debora alitazama pembeni. "Nimeuza wale mbuzi wawili."

Loisi aliweka ungo chini ili acheke vizuri. Alipiga hesabu papo hapo, kwa maana kichwa chake hakikuhitaji karatasi. "Yaani kila punje ni andazi! Wifi, umekaa ukanunua maandazi elfu moja, tena ukayafukie ardhini! Stanley! Stanley, njoo umwone dada yako anaotesha vitafunwa."

Stanley alichungulia, akaona nyuso mbili, akarudi ndani.

"Cheka tu," alisema Debora akiirudisha pakiti kifuani. "Chai utakuja kuiomba wewe."

Kitalu cha Debora kilikuwa kichekesho kingine. Alizimwaga mbegu zile zikabanana, akamwagia maji jua la saa sita, hakufunika kwa nyasi. Loisi alikuwa upande wa pili wa minyaa. Aliona chungu wakibeba punje moja moja kwenda nazo kwao. Aliona miche ikichomoza na kulala kama imelewa. Alijua dawa yake yote: nafasi baina ya punje, nyasi kavu juu, jivu pembeni kuzuia chungu, maji kabla jua halijapanda. Neno moja lingetosha. Lakini yule Loisi mwenye neno kwa kila kitu, siku hizo alipatwa na ububu. Karibu robo ya kitalu iliangamia, na kila mche uliolala ulimpa usingizi mzuri.

Miche iliyobaki ikashika. Debora akaichomekea miti, akaifunga kamba. "Ameifunga kama ndama," Loisi aliwaambia majirani. Kisha miche ikapanda juu ya miti, ikachanua, ikabeba. Na hapo mzaha ukaanza kumkauka mdomoni.

Nyanya zilikuwa sawasawa, kama matofali yaliyotoka kwenye kalibu moja. Ngumu, nyekundu, ukiidondosha inadunda. Ugonjwa wa mnyauko ulipopita korongoni, mashina ya Loisi yaliinamisha vichwa mstari baada ya mstari. Ng'ambo ya minyaa ulikuwa kama umepita kusalimia tu. Loisi alimaliza kuvuna, akang'oa. Debora akaendelea kuvuna, na kuvuna, mpaka mtu ukatamani kumuuliza kama hachoki.

Siku moja Kanta ya bluu ilikuja ikiunguruma. Loisi alikuwa na matenga yake machache ya mwisho, akajifunga kanga vizuri, akatoka barabarani. Kanta ikampita. Vumbi likamwagikia kwenye nyanya zake. Ikasimama chini, kwa Debora.

"Mama Meshack, usinielewe vibaya," Ritha alimwambia baadaye, alipopanda kuchukua matenga yake. "Nyanya ngumu ndizo zinazokaa chini ya gari. Lazima nianze nazo, laini zikae juu. Halafu siku hizi mji umejaa wafanyakazi wa serikali. Mtu ananunua Jumamosi, anataka aikute nzima Ijumaa."

"Na bei?"

"Tumeshapatana na Debora."

"Kiasi gani?"

Ritha alitaja. Bei ilikuwa chini. Siyo chini sana, lakini kwa nyanya kama zile ilikuwa zawadi. Mjinga yule ameshika dhahabu na ameiuza bei ya chumvi! Loisi hakujua kipi kimuume zaidi: kwamba wifi yake ana nyanya zile, au kwamba ana nyanya zile na hajui kuziuza.

Wiki hiyo hiyo Debora alileta ndoo. Ni kawaida yao: dada akivuna, kwa kaka yake lazima kitu kifike. Ndoo ilijaa mpaka juu, nyekundu tupu.

"Za kuonja, wifi."

"Asante sana, wifi yangu. Mungu akuzidishie."

Debora alipopotelea nyuma ya minyaa, Loisi alibeba ndoo mpaka uani na kuwamwagia kuku.

"Umewapa kuku?" Stanley aliuliza, mkono bado umenyooka kutaka moja.

"Zina ngozi kama raba. Zitakuvunja meno."

Kuku hawakulalamika kuhusu ngozi. Walidonoa mpaka videvu vikalowa. Loisi alisimama akiwatazama, na ndipo, akiwa ameshika ndoo tupu, wazo likamjia likiwa limechelewa kama mgeni wa harusi. Ndani ya nyanya mna mbegu. Mbegu za mbuzi wawili! Ndoo nzima, bure, imeletwa mpaka mlangoni, na sasa inapita kooni mwa majogoo.

Aliinama haraka kunusuru. Palibaki maganda na mavi.

Tangu hapo hakutulia. Kurudi kwa Debora kuomba nyingine haikuwezekana, kwa sababu Debora angeuliza "hivi mmezimaliza?" na kutabasamu. Kuchuma kwa siri ndiyo kabisa. Mtu wa heshima yake akikamatwa ndani ya minyaa, atahama kata. Akakaa akipiga mahesabu. Nyanya za Debora zinauzwa wapi? Majengo. Nani anamjua Loisi Majengo? Ritha peke yake. Na Ritha kila siku saa nne anaacha meza kwa msaidizi wake, Sabrina, anakwenda kunywa chai kwa mama mmoja ng'ambo ya mafungu ya vitunguu.

Loisi alimwambia Stanley anakwenda mjini kumwona shangazi yake Miyuji, akapanda gari, akateremkia sokoni. Alijitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Meza ya Ritha aliiona kwa mbali. Nyanya za wifi yake zilikuwa zimepangwa mbele kabisa, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Roho ilimuuma kuona zilivyopendeza nje ya kwao.

"Karibu mama, nyanya ngumu," alisema Sabrina.

"Ngumu sitaki. Nipatie zilizoiva sana. Hizo unazotupa chini ya meza."

"Hizi? Mama, zimeshaanza kuoza."

"Ndiyo nazitaka. Kiasi gani?"

Sabrina alitaja bei ya fungu la nyanya nzima.

"Mwanangu, hizi unanilipa mimi kuzitoa hapa! Ona, nzi wamekwisha kupanga nyumba. Nipunguzie nusu, na uniongeze ile iliyopasuka."

"Iliyopasuka nikuongeze?"

"Na ile ya pale. Hapana, siyo hiyo, hiyo bado mbichi. Ile inayovuja."

Walivutana mpaka muuza vitunguu wa jirani akaacha kupanga mafungu yake asikilize. Loisi aliondoka na mfuko mweusi uliojaa, bei ya kumtupia mtu, na katika kumshinda msichana yule alisahau kabisa kugeuza shingo upande wa kibanda cha chai. Kama angegeuka, angemwona mwanamke mnene ameshika kikombe hewani, hajanywa, anamtazama.

Mbegu zilipokauka zilijaa kiganja. Loisi alizilaza kwenye gazeti, akazitazama kama mtu aliyeokota pochi. Maandazi elfu moja, tena zaidi, kwa bei ya soda! Na Debora mwaka huu atauza mbuzi wengine. Wazo hilo lilimchekesha akiwa peke yake jikoni.

Msimu wa kiangazi ulipofika hakupanda hata punje moja ya mbegu yake ya zamani. Gazeti lake la ukutani alilisogeza pembeni, kama mke mkubwa. Shamba lote alilikabidhi kwa mbegu mpya. Na kitaluni alionyesha mkono wake: punje kwa nafasi, jivu kuzunguka, nyasi kavu juu, maji alfajiri. Karibu kila kitu kiliota. Miche ilisimama minene, ya kijani iliyokolea, na Debora mwenyewe akaja mpakani, akaegemea.

"Wifi, umeotesha vizuri. Mbegu gani?"

"Ya kwangu tu. Si unajua sinunui."

"Haya," alisema Debora, akabaki akiitazama miche ile kwa namna ambayo Loisi aliifahamu vizuri sana, kwa kuwa ndivyo yeye alivyotazama ng'ambo mwaka mzima. Akafurahi.

Mbegu ilikuwa ya bure, lakini haikutaka mambo ya bure. Ilihitaji miti ya kuegemea, kamba, mbolea, mafuta ya mashine. Loisi aliuza mbuzi. Kisha akauza wa pili. Stanley aliuliza kama ni lazima, akajibiwa kwamba mwaka huu Kanta itasimama hapa kwanza, na bei itatajwa na mdomo huu. Stanley akaenda kuwasha mashine.

Kisha nyanya zikaanza kubeba, na Loisi akaanza kunyamaza.

Mche wa kwanza ulitoa nyanya kama za Debora, na alipoziona aliimba. Wa pili ulitoa vitu vidogo kama ndulele. Wa tatu ulitoa nyanya kubwa zilizojikunja na kupasuka mgongoni zikiwa bado mbichi. Wa nne ulirefuka ukapita mti wake, ukazaa mbili. Wa tano ulikuwa mzuri, wa sita mlaini kuliko hata zile zake za zamani. Mnyauko ulipokuja, haukupita kusalimia. Ulikaa. Ulichukua mche hapa, ukaruka, ukachukua miwili pale, mstari ukabaki na mapengo kama mdomo wa mzee.

"Mama Meshack," alisema Stanley siku moja, amesimama katikati ya shamba na kofia mkononi, "hapa kila mche na dhehebu lake."

"Nenda kapalilie."

Hata hivyo alikuwa bado na mdomo, na mdomo ndio uliomfikisha alipo. Alivuna, akapanga matenga. Ndogo na zilizopasuka chini, za kati katikati, na juu kabisa zile zilizofanana na za wifi yake, zimepangwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo. Akampigia Ritha simu: mwaka huu ana ngumu, aanze kwake.

Na kweli, Kanta ilisimama kwake. Wakulima wenzake walisogea kusikiliza bei, kama zamani. Debora naye alipanda kutoka chini, amejifuta mikono kwenye sketi. Loisi alijaza kifua hewa, akataja bei ya juu kuliko iliyowahi kusikika korongoni.

Ritha hakushtuka. Alitazama nyanya za juu. "Nzuri," alisema. Kisha akazamisha mkono ndani ya tenga mpaka kwenye kiwiko, akaibuka na ndulele. Akazamisha tena, akaibuka na iliyopasuka. Akazipanga kwenye ubao wa gari, moja moja, zote watu wazione.

"Mama Meshack, hili tenga ni la familia ngapi?"

Watu walianza kucheka chini chini.

"Za juu si umeziona?"

"Za juu nimeziona. Hata Majengo niliziona." Ritha alijifuta mkono polepole. "Ulikuja siku ile umejitanda kama bibi harusi, ukamshinda Sabrina wangu kwa nyanya zilizooza. Nikasema moyoni, huyu ana shughuli gani ya kupikia watu nyanya mbovu? Kumbe ulikuwa na yako. Mama, mbegu ya chotara haikamuliwi ikarudiwa! Ya mwaka wa kwanza ndiyo hiyo uliyoiona. Ukipanda mtoto wake, kila mmoja anamfuata babu yake. Huyu wa mama, huyu wa baba, huyu hata hajulikani. Ndiyo maana inanunuliwa kila msimu."

Hapo Debora akaelewa. Loisi aliuona uelewa ule ukimpanda wifi yake usoni kama maji yanavyopanda kwenye mpira.

"Zilikuwa nyanya zangu," alisema Debora. "Ulikwenda mjini kununua nyanya zangu?"

"Sokoni kuna nyanya za watu wengi."

"Wifi. Na ile ndoo niliyokuletea mlangoni?"

"Zililiwa," alisema Loisi, na kwa hilo hakusema uongo.

Stanley alikohoa. Akakohoa tena, akageuka, mabega yakimtikisika, na ndipo korongo zima lilipoangua kicheko. Mzee mmoja alilazimika kushika tairi la Kanta. "Amepelekewa bure akazila, akapanda gari kwenda kununua!" Debora alicheka mpaka machozi, akiwa ameshika kiuno.

Mwingine angekimbilia ndani. Loisi alisubiri kicheko kipungue, akamgeukia Ritha.

"Umemaliza kuchekesha watu? Haya. Wauza chipsi wa mjini wanasaga nyanya kwa mchuzi wa kumwagia chipsi. Iliyosagwa haina sura. Nitakuchambulia mwenyewe, mafungu matatu, unanilipa kila fungu kwa bei yake. Usiniambie unazichukua zote kwa bei ya makombo, nitayashusha matenga yangu hapa hapa."

Wakapatana. Alipata kitu. Lakini hakupata cha kurudisha mbuzi, na alipoiona Kanta ikiteremka kwa Debora kwenda kupatana bei halisi ya siku hiyo, alisikia kwa masikio yake wifi yake akikubali namba ya kwanza aliyotajiwa.

Alasiri alikaa uani. Kuku walikuwa wakipekua. Miaka kadhaa nyuma aliwahi kununua kuku chotara wa mayai kwa bei ya kuuma, akasema atajitotoleshea wa kwake bure. Vifaranga vilipokua, mmoja alikuwa na shingo tupu, mwingine mfupi kama njiwa, wengi wakataga kama wa kienyeji tu. Wapo hapo hapo mbele yake, wajukuu wa kuku wale, kila mmoja na rangi yake. Hao hao ndio waliokula ile ndoo. Jambo lote alikuwa nalo uani mwake, analilisha kila asubuhi, na hakuliona kwa sababu macho yake yalikuwa ng'ambo ya minyaa.

Hakulia. Alipiga hesabu. Mbegu ya bure imemla mbuzi wawili, mbolea, mafuta na msimu mzima. Mbegu ya Debora ilimla mbuzi wawili, imerudisha ng'ombe. Kwa hiyo mbegu ya bure ndiyo ghali. Alirudia hesabu ile mara nyingine akitumaini kukuta kosa.

Wivu haukuondoka. Kwa nini uondoke? Ulibadilisha tu kazi.

Wiki chache baadaye Debora alinunua pakiti mbili. Asubuhi jua likiwa limeshachomoza, Loisi alimwona akisawazisha kitalu mahali pale pale, pasipo kivuli, chungu wakimzunguka miguuni wakimsubiri. Loisi alisimama kwenye minyaa. Angeweza kunyamaza. Alishaonja utamu wa kunyamaza na anajua ulimnufaisha nini.

"Utaziua tena," alisema.

Debora aliinua kichwa. "Tena?"

"Mwaka ule ulipoteza robo. Chungu walibeba, jua likachoma. Maandazi yako yaliliwa na wadudu."

"Uliona?"

"Niliona."

"Na hukusema kitu."

"Sikusema. Ningesema bure kwa nini? Sasa nakuambia kwa bei. Nipe pakiti zote mbili, nikuoteshee mimi. Katika kila miche kumi, mitatu yangu."

"Mitatu! Wewe una wazimu. Mmoja."

"Debora, mimi nakuomba kidogo kuliko unachowapa chungu."

"Mmoja, na nisimame nikuangalie."

"Miwili, na usimame unavyotaka, uniletee na chai. Si ulisema nitakuja kuiomba? Nimekuja." Debora aliuma mdomo asicheke. Loisi aliona upenyo, akaingia. "Na jambo la pili. Ritha akija, bei nataja mimi."

"Kwa nyanya zangu?"

"Kwa nyanya zako, ndiyo. Mwaka wote umemgawia mwanamke yule nyanya kama sadaka. Juzi umekubali namba ya kwanza, nilikuwa nasikia, nikataka kurusha jiwe. Kila tenga ulimwachia bei ya kuku. Nilikuwa naumwa kichwa kwa hasara ambayo hata siyo yangu."

Debora alitazama kitalu chake kilichopinda, kisha ng'ambo, mahali ambapo miche ya Loisi ilisimama msimu uliopita.

"Watu watasema ni bei ya nani?"

"Waseme ya Debora, waseme ya korongo. Mdomo utakuwa huu."

"Na ndoo yangu," alisema Debora. "Niambie ukweli. Ililiwa na nani?"

"Kuku."

"Kuku!"

"Walisifu sana."

Debora alimrushia pakiti moja juu ya minyaa, kisha ya pili, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Loisi aliotesha. Alitengeneza matuta mawili, refu la wifi yake na fupi lake, akapanga punje moja moja kwa ncha ya kijiti, akiguna kila ilipomponyoka, maana sasa alijua bei ya kila moja. Jivu, nyasi, kivuli cha mabua ya mtama. Debora alikuja kila alfajiri kusimamia, na chai alileta kweli, ingawa haikuwa na sukari ya kutosha. Alihesabu miche kwa macho, midomo ikichezacheza. Loisi alimwacha ahesabu. Punje zilizokufa zilikuwa chache, na alihakikisha zimekufa kwenye tuta refu.

Alfajiri moja aliinua ndoo ya kumwagilia, akapita taratibu na maji ya kwanza, yale yenye ubaridi wa kisima, kwenye tuta fupi.

"Mbona unaanza na lako?" aliuliza Debora.

"Lipo karibu," alisema Loisi, akaendelea kumwagilia.